Namna ya kulisoma na kulitumia neno “credit” la Kiingereza

Neno “credit” hufundishwa mapema katika masomo ya Kiingereza, na mara nyingi hufundishwa kwa tafsiri moja tu, yaani mkopo. Tafsiri hiyo ni sahihi mahali pake, lakini humpotosha mtu anapolikuta neno hilo penginepo. Mchukue mtu aliyehamia Leicester kutoka Tanga, ambaye amezoea umeme wa LUKU unaolipiwa kabla ya kutumika. Akipokea barua ya kampuni ya umeme yenye sentensi “Your account is £86 in credit”, ni rahisi adhani anadaiwa na aanze kutafuta pauni 86 za kulipa, ilhali anaambiwa kinyume chake: amelipa zaidi ya umeme aliotumia, na pauni hizo ni zake. Mtu huyo huyo anaweza kunyimwa kadi na benki kwa kuwa “has no credit” ingawa hadaiwi na mtu yeyote, akadaiwa “credits” na chuo anachotaka kujiunga nacho, na akamsikia jirani akisema kwamba binti yake ni “a credit to her parents”. Akiitafsiri kila moja kwa neno mkopo, hatatoka na maana hata moja.

Mwongozo huu ni wa wale wanaolikuta neno hilo kazini, benki, chuoni au katika barua za ofisi, na ambao pia hulazimika kuliandika wao wenyewe. Haufuati mpangilio wa kamusi, kwa kuwa matumizi mengine ya neno hili yana mitego mingi na mengine hayana mtego wowote.

Swali la kujiuliza kwanza

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini “credere”, yaani kuamini, nalo liliingia katika Kiingereza katika karne ya 16 likitokea Kifaransa na Kiitaliano. Wafanyabiashara wetu wana usemi unaolingana na asili hiyo kuliko neno mkopo linavyolingana nayo: mali kauli. Muuza mitumba anayechukua robota kwa mali kauli hatoi fedha siku hiyo. Anachotoa ni kauli, na mwenye mali huikubali kauli hiyo mpaka mzigo uuzike. Kimsingi “credit” ni kule kukubaliwa kwa kauli. Fedha ni jambo jingine, na deni linalofuata ni jambo jingine tena.

Kutokana na msingi huo, maana nyingine zote zimetanuka kuelekea upande mmoja: “credit” ni kile ambacho mtu anahesabiwa kwa upande wa faida yake, kiwe fedha, alama za masomo, sifa au imani. Kitenzi kuhesabiwa kinafaa sana hapa. Wasomaji wa Biblia watakumbuka sura ya 4 ya Warumi, ambako imani ya Ibrahimu ilihesabiwa kwake kuwa haki. Mahali hapo tafsiri ya Kiingereza ya NIV hutumia “credited”. Kwa hiyo unapolikuta neno hili, usianze kwa kutafuta tafsiri. Jiulize kwanza ni nani anahesabiwa, anahesabiwa nini, na jambo hilo limeandikwa katika daftari la nani. Sehemu ya mwisho ya swali hilo ndiyo hupuuzwa, nayo ndiyo yenye jibu katika mambo ya benki.

Kununua na kukopa

Katika biashara, tofauti ya kwanza ya kushika ni ya vihusishi viwili vidogo vya Kiingereza. “On credit” maana yake ni kwa mkopo: “We bought the fridge on credit” ni kusema kwamba jokofu limeshafika nyumbani na fedha bado hazijalipwa. “In credit” ni kuwa na salio la ziada upande wako. Mwandishi anayebadilisha moja kwa nyingine anakuwa amegeuza maana nzima, kwa sababu aliyekusudia kusema kwamba anadaiwa anasomeka kana kwamba anadai. “By credit” peke yake haitumiki. Husemwa “by credit card”, na hapo kinachotajwa ni njia ya kulipia.

Tofauti ya pili ni kati ya “credit” na “loan”. Neno “loan” ni la kuhesabika, nalo hutaja mkopo fulani wenye kiasi chake, tarehe yake na riba yake. Neno “credit” katika maana hii halihesabiki, na hutaja huduma au ruhusa ya kukopa kwa jumla. Ndiyo maana husemwa “The shop gives credit” bila herufi s mwishoni, lakini husemwa “The bank gave me a loan of five million shillings”. Ukimwandikia meneja wa benki kwamba unaomba “a credit of five million”, atakuelewa kwa hisani tu, kwa kuwa katika lugha ya benki maneno hayo yanaelekea zaidi kwenye muamala wa milioni tano ulioingia katika akaunti. Katika barua ya maombi andika “loan”, na uliache “credit” kwa misemo kama “credit facility” na “line of credit”, ambayo hutaja ruhusa ya kukopa hadi kikomo fulani kila unapohitaji.

Huduma ya Fuliza, inayomruhusu mtumiaji wa M-Pesa kulipa zaidi ya salio lake na ambayo Safaricom imekuwa ikiitoa nchini Kenya tangu 2019, inaionyesha tofauti hiyo vizuri. Kikomo unachoonyeshwa katika simu kabla hujagusa chochote ndicho “credit” uliyopewa, na kwa kuwa hujakitumia, hudaiwi hata shilingi moja. Ukilipa nauli na salio likapungua chini ya sifuri, kiasi kilichofidiwa na kampuni ndicho deni. Hivyo “I have credit with the bank” haina maana ya “nina mkopo benki”. Inasema kwamba benki inaniamini na iko tayari kunikopesha. Mwenye kutaka kusema kwamba ana mkopo aseme “I have a loan” au “I owe the bank money”.

Kadi nazo huchanganya. Kadi nyingi zilizo mifukoni mwetu ni za “debit”, yaani zinatoa fedha zilizomo katika akaunti, hata kama zina nembo ya Visa au Mastercard. Kadi ya “credit” hutumia fedha za benki, kisha benki hukuletea hesabu mwishoni mwa mwezi. Katika jina la SACCOS, ambalo kirefu chake ni “Savings and Credit Co-operative Society”, neno hili lina maana ya mikopo kama huduma, na Kiswahili cha chama cha akiba na mikopo kimelitafsiri bila tatizo. Mtanzania aliye Marekani anayetafuta chombo cha aina hiyo aulizie “credit union”.

Neno “creditor” nalo linastahili tahadhari. “Creditor” ni mwia, yaani yule anayedai. Anayedaiwa ni “debtor”. Unapousoma mizania ya kampuni na kukuta kifungu cha “creditors”, yaliyoorodheshwa hapo ni madeni ambayo kampuni inadaiwa na watu wengine, wala si fedha inazosubiri kulipwa.

Kwa mwagizaji wa bidhaa kutoka nje, msemo wa kuogopa kuutafsiri neno kwa neno ni “letter of credit”. Hiyo si barua ya kuomba mkopo. Ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba itamlipa muuzaji endapo muuzaji ataleta hati zilizotajwa, kama vile hati ya meli, ankara na cheti cha bima, zikiwa kamili na kwa wakati. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anayeagiza vigae kutoka Guangzhou hamfahamu mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda hamfahamu yeye, lakini wote wawili wanaiamini benki. Kanuni zinazotumika sana kwa hati hizo ni UCP 600 za Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2007, nazo zinasema wazi kwamba benki hushughulika na hati na wala si na bidhaa. Vigae vikifika vimevunjika na hati zikawa safi, benki italipa. Anayeitafsiri hati hiyo kuwa “barua ya mkopo” humnyima mteja wake habari hiyo muhimu. Afadhali aandike “ahadi ya malipo ya benki” na kuongeza sentensi moja ya maelezo.

Benki na daftari la nani

Hapa ndipo wanafunzi wa uhasibu hukwama, nao wana haki ya kukwama. Darasani wameambiwa kwamba fedha zikiingia huandikwa “debit” na zikitoka huandikwa “credit”. Jioni simu inaleta ujumbe wa benki: “Your account has been credited with TZS 500,000”, na ukitazama salio, fedha kweli zimeingia. Inaonekana kwamba ama mwalimu amekosea ama benki imekosea.

Hakuna aliyekosea. Kuna madaftari mawili. Chukua mwenye duka la vitenge Kariakoo anayepeleka benki shilingi 500,000 za mauzo ya siku. Katika daftari lake yeye, akaunti ya fedha taslimu imepungua, kwa hiyo anaandika 500,000 upande wa kulia, ambao ndio upande wa “credit”. Akaunti yake ya benki imeongezeka, kwa hiyo anaandika 500,000 upande wa kushoto, ambao ndio upande wa “debit”. Sasa vuka kaunta uingie upande wa benki. Karani ameongeza noti katika kasha, na fedha za kasha zinapoongezeka huandikwa “debit”. Lakini noti hizo hazikutolewa zawadi. Mwenye duka anaweza kuzidai kesho asubuhi, kwa hiyo deni la benki kwake limeongezeka kwa 500,000, na madeni huongezeka upande wa kulia. Akaunti ya mwenye duka katika leja ya benki inaandikwa “credit”.

Taarifa ya akaunti unayopewa na benki ni nakala ya ukurasa wako katika leja ya benki. Kwa hiyo benki inapokuambia “we have credited your account”, inasema kwa lugha ya kihasibu kwamba imeandika kuwa inadaiwa na wewe. Mwenye kulishika hilo hatahangaika tena, na atajua kwamba anapolinganisha daftari lake na taarifa ya benki mwishoni mwa mwezi, kila “credit” ya benki anapaswa kuikuta katika “debit” zake, na kila “debit” ya benki katika “credit” zake.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kushoto ni “debit”, ambayo hufupishwa Dr, na kulia ni “credit”, ambayo hufupishwa Cr. Mali na gharama huongezeka zikiandikwa kushoto. Madeni, mtaji na mapato huongezeka yakiandikwa kulia. Mtawa wa Kiitaliano Luca Pacioli aliueleza utaratibu huu katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494, baada ya wafanyabiashara wa mji huo kuutumia kwa muda mrefu, na tangu hapo pande hazijabadilika. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kuzifikiria pande hizo kama baya na zuri. Mauzo huandikwa “credit” nayo ni habari njema. Deni jipya la duka huandikwa “credit” pia, na si habari njema hata kidogo.

Kwa upande wa sarufi, kitenzi hiki kina njia mbili, na kila moja ina kihusishi chake. Husemwa “The bank credited my account with 500,000 shillings”, au “500,000 shillings was credited to my account”. Ukianza na akaunti tumia “with”. Ukianza na fedha tumia “to”. Kwa Kiswahili sioni haja ya kusema kwamba akaunti “imekreditiwa”, kwa kuwa “fedha zimeingizwa katika akaunti” inaeleweka kwa kila mtu.

Ankara na marejesho

Turudi kwenye zile pauni 86. Katika ankara za umeme, gesi na maji nchini Uingereza, herufi CR mbele ya kiasi, au maneno “in credit”, yanamaanisha kwamba mteja ndiye anayedai. Wateja wengi hulipa kiasi kimoja kila mwezi, hivyo ziada hujikusanya wakati wa kiangazi na hupungua wakati wa baridi, ambapo nyumba hupashwa moto. Mteja anaweza kuiacha ziada hiyo ikae, au kuandika “Please refund the credit on my account” ili arudishiwe.

“Credit note” nayo ni karatasi ambayo haipaswi kulipwa. Umeagiza katoni 50 za sabuni, ankara imekuja ya katoni 50, lakini zilizofika ni 44. Muuzaji hawezi tu kuikatakata ankara ya kwanza kwa kalamu. Hutoa hati ya pili inayopunguza thamani ya katoni sita, na hati hiyo ndiyo “credit note”. Katika daftari la madeni, iambatanishe na ankara yake. Ukiiweka katika rundo la ankara zinazosubiri malipo, karani mpya anaweza kuilipa kwa nia njema kabisa, na ukapoteza thamani ya katoni hizo mara mbili.

Ukirudisha kiatu dukani na kuulizwa “Refund or store credit?”, unachaguzishwa kati ya kurudishiwa fedha zako na kupewa haki ya kununua kitu kingine katika duka hilo hilo. Kwa kawaida fedha ni bora.

Jina zuri la mkopaji

Katika maana hii, “credit” ni sifa ya mtu machoni pa wakopeshaji. Nchini Kenya inajulikana zaidi kupitia herufi CRB, yaani “Credit Reference Bureau”, taasisi inayokusanya kumbukumbu za jinsi watu wanavyolipa mikopo. Watu husema “ameorodheshwa CRB” kwa maana ya mtu aliyeshindwa kulipa, na kutokana na usemi huo wengi huamini kwamba kuwa na jina huko ni balaa. Ukweli ni kwamba kumbukumbu za wanaolipa vizuri hupelekwa huko pia, na kanuni za Kenya humpa kila mtu haki ya kupata taarifa yake mara moja kwa mwaka bila malipo. Karatasi hiyo huitwa “credit report”. Isome yote, kuanzia namba ya kitambulisho, kabla ya kubishana na mtu yeyote.

Kwa aliyehamia Marekani, kitu cha kuelewa ni “credit score”, na alama inayotumika zaidi ni ya FICO, inayoanzia 300 hadi 850. Historia ya malipo hubeba asilimia 35 ya alama hiyo, na kiasi cha madeni, hasa sehemu ya kikomo cha kadi unayoitumia, hubeba asilimia 30. Hapa misemo mitatu inafaa itenganishwe. “Good credit” ni jina zuri. “Bad credit” ni jina lililoharibika. “No credit” ni kutokuwa na historia yoyote, na mtu aliyefika majuzi, mwenye kazi nzuri na asiyedaiwa na yeyote, huingia katika kundi hilo. Nyumbani mtu kama huyo angesifiwa kwa kutopenda madeni. Huko, mwenye nyumba ya kupangisha huona kwamba hana cha kumpimia. Kitenzi kinachotumika kwa kulijenga jina hilo ni “build”: “I am building my credit”, yaani ninajijengea historia, kwa kawaida kwa kutumia kadi ndogo na kuilipa kwa wakati. Asiyejua matumizi haya huweza kudhani kwamba mwenzake anajirundikia madeni.

Simu

Waingereza husema “I've run out of credit” salio la simu linapokwisha, na vijana wa Kenya wamelichukua neno hilo na kulifanya “kredo”. Tanzania tunasema salio au vocha. Hapa hakuna mkopo, fedha zimeshalipwa.

Masomo

Vyuo hutumia “credit” kama kipimo cha uzito wa somo, na katika maana hii neno linahesabika: “This course carries 12 credits”. Hatari iko katika kulinganisha nchi. Katika mfumo wa Tanzania unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, “credit” moja ni saa 10 za kujifunza, zikijumuisha mihadhara, maktaba na kazi za nyumbani, na mwaka mmoja wa masomo huwa na 120, hivyo shahada ya miaka mitatu hufikia 360. Katika mfumo wa ECTS wa Ulaya, mwaka mzima una 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Katika vyuo vingi vya Marekani, shahada nzima ya miaka minne ni takriban 120.

Mhitimu wa Dar es Salaam anayeandika katika fomu ya chuo cha Marekani kwamba ana “360 credits”, bila maelezo, anaonekana kana kwamba amesoma shahada tatu. Mhitimu wa Ulaya mwenye 180 za ECTS amesoma miaka mitatu, sawa na mwenye zile 360 za Tanzania. Kwa hiyo usihamishe namba peke yake. Andika namba, kisha taja mfumo na idadi ya saa: “360 credits, at 10 notional hours per credit”. Sentensi hiyo fupi huokoa barua pepe nyingi.

Zaidi ya hapo, “credit” ni daraja la ufaulu. Katika mfumo wa zamani wa mtihani wa kidato cha nne wa Uganda, alama D1 na D2 zilikuwa “distinction”, C3 hadi C6 zilikuwa “credit”, na P7 na P8 zilikuwa “pass” tu. Mwenye cheti cha namna hiyo anaposoma tangazo linalotaka “five credits”, anatakiwa kuhesabu masomo aliyopata C6 au alama bora kuliko hiyo, hahesabu saa.

Kodi na misaada ya serikali

“Tax credit” na “tax deduction” hutafsiriwa ovyo kwa neno moja, nafuu ya kodi, na tofauti yake ni fedha halisi. Ya pili hupunguza kipato kinachotozwa kodi; ya kwanza huipunguza kodi yenyewe. Kenya ina mfano ulio wazi, ingawa wenyewe huuita “personal relief”: kila mkazi anayelipa kodi ya mshahara hupunguziwa shilingi 2,400 za kodi kwa mwezi. Mtu mwenye kipato cha kutozwa kodi cha shilingi 24,000 hutozwa asilimia 10, yaani 2,400; ukitoa 2,400, halipi chochote. Kama shilingi hizo 2,400 zingekuwa zinatolewa katika kipato, angebaki na 21,600, na angelipa kodi ya shilingi 2,160. Mfasiri wa barua za kodi aandike “punguzo la kodi yenyewe” kwa “tax credit” na “punguzo la kipato kinachotozwa kodi” kwa “tax deduction”, hata kama maneno ni marefu.

Uingereza ina “Universal Credit”, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo ulioanza kutolewa mwaka 2013. Kwa kawaida malipo hayo hayarudishwi. Hata hivyo, anayeomba malipo ya mwanzo kabla ya siku yake, yanayoitwa “advance”, atakatwa kidogo kidogo baadaye, na sehemu hiyo ya msaada ndiyo inafanana na mkopo.

Sifa na stahiki

Nje ya fedha, “credit” ni sifa ambayo mtu anastahili kwa kazi aliyoifanya. “Give her credit” ni kumtambua kwa alilolifanya, na “take the credit” ni kujitwalia sifa, mara nyingi ya jasho la mwingine. Waingereza husema “give credit where credit is due”, na Waswahili walishalisema hilo kwa ukali zaidi: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Anayetafsiri hotuba asiende mbali kutafuta.

Vihusishi ndivyo huleta shida hapa. “She is a credit to her school” ni kwamba anailetea shule yake fahari. “To his credit, he apologised” hutumika unapomkosoa mtu kisha ukataka kumtendea haki kwa jambo moja, kama Kiswahili kinavyosema “ila kwa hilo anastahili sifa”. “He is credited with founding the club” ni kwamba inasemekana au inakubalika kuwa yeye ndiye aliyeanzisha klabu, na hapa pana ujanja wa lugha ambao waandishi wa habari huupenda: mwandishi anataja sifa bila kuithibitisha yeye mwenyewe. Ukiitafsiri kwa “aliyeanzisha klabu”, umetoa uthibitisho ambao mwandishi hakuutoa.

Majina yanayopita mwishoni mwa filamu huitwa “credits”, na jina la mpiga picha chini ya picha ni “photo credit”. Vyote viwili ni stahiki ya kutajwa, na mpiga picha anayedai “credit” halazimiki kuwa anadai malipo; muulize anataka kipi.

Hewa ukaa

“Carbon credit” ni cheti kinachowakilisha tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa kuingia angani au iliyoondolewa humo. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja hulinda na kupanda mikoko, na vyeti vya hewa ukaa hiyo huuzwa ili fedha zirudi katika maji na shule za kijiji. Katika mikutano ya vijiji neno hili likitafsiriwa kwa mkopo, mara moja mzee mmoja atauliza nani atalipa na kwa riba gani, na swali lake litakuwa la busara kwa tafsiri aliyopewa. Sema “vyeti vya hewa ukaa”, kisha eleza ni nani anayeuza na ni nani anayenunua.

Kuamini, na maneno ya ukoo huo

Kitenzi “credit” bado hutumika kwa maana yake ya kale ya kusadiki, hasa Uingereza na hasa katika sentensi za kukana: “I could hardly credit it”, yaani sikuamini masikio yangu. Katika ukoo huo wamo “credible”, cha kuaminika; “incredible”, cha ajabu kupita kusadikika; “credentials”, hati zinazothibitisha mtu ni nani, zikiwemo hati za utambulisho ambazo balozi huzikabidhi kwa rais; na “discredit”, kumvunjia mtu heshima au kuonyesha kwamba hoja yake haiaminiki.

La mwisho katika ukoo huo ni “accredited”, ambalo kwa Kiswahili cha elimu ni chenye ithibati, na linafaa kuangaliwa kabla ya kulipa ada yoyote. Tanzania ithibati hiyo hutolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, Kenya na Commission for University Education, na Uganda na National Council for Higher Education. “Credits” za chuo kisicho na “accreditation” kwa kawaida hazikubaliki katika chuo kingine, hata ziwe 360.